Misumari Saba kwenye Shingo ya Joka

Kiangazi, wiki ya kwanza

Kitabu hiki aliniletea Aslak, mume wangu, miaka kumi na tisa iliyopita. Wenzake walikuwa wamebandua jalada lake la fedha na kutupa kilichobaki. Yeye akakiokota na kukificha ndani ya shati, kwa kuwa alikumbuka najua kusoma. Mwenyewe hakujua herufi hata moja. Alidhani kitabu ni kimoja tu duniani, na kwamba amenirudishia kile nilichojifunzia utotoni kwa watawa, kabla sijachukuliwa na watu wa huku. Sikumwambia kuwa sicho.

Mwishoni mna kurasa kumi na moja tupu. Nimechemsha magome na kutu ya chuma, nikachonga unyoya wa bata bukini. Mkono bado unakumbuka.

Naandika kwa sababu nimeanza kusahau vitu vidogo. Jana nilishindwa kukumbuka ni gumba lipi Aslak aliloliachia ukucha mrefu. Nilikaa kizingitini na ndoo mikononi mpaka likanijia: la kushoto. Alikuwa akiutumia kusukuma sufi yenye lami katikati ya mbao anapotia kalafati.

Wiki ya kwanza, siku ya kuoga

Nimepasha maji. Tupo wawili tu, mimi na mwanangu Audun. Nimepasha ya watatu.

Wiki ya pili

Merikebu imetolewa bandani. Ina mbavu mpya nne, na Audun amechonga kichwa kipya cha joka cha kuwekwa juu ya gubeti, mbele kabisa ya merikebu. Nakubali ni kizuri. Ana mkono wa baba yake.

Kile cha zamani kilizama na Aslak. Huku kwetu chombo kinachorudi nyumbani huvuliwa kichwa kingali bahari kuu, nchi haijaonekana, ili mizimu ya nchi isishtuke ikahama na baraka zake. Kinachoingia ghubani na kichwa kimekuja kwa ubaya, na hupokewa kwa ubaya. Kazi ya kukivua ilikuwa ya Aslak. Mwaka jana, nje ya miamba, alipanda gubeti katika mawimbi makubwa, akagonga kabari, kichwa kikatoka na yeye akatoka nacho. Herstein, mwenye merikebu na bwana wa ghuba hii, alikuja mlangoni kwangu akasema, "Alikikumbatia, hakukiachia." Hakusema zaidi. Watu wananiambia ndiye aliyemwamuru apande, hakutaka kungoja bahari itulie. Tangu siku hiyo sijamsalimu.

Sasa Audun hakutaka kabari. Kichwa chake amekipigilia misumari saba ya chuma, ncha zote amezipinda. Anasema wimbi halitakitikisa, na wakati wa kurudi hakuna atakayening'inia juu: yeye atakaa chini, kwenye boriti, ataikata misumari kwa tindo taratibu wakiwa bado mbali na nchi.

Mzee Skofti, aliyeacha bahari magoti yalipomkataa, alizunguka kile kichwa mara mbili.

"Kichwa cha merikebu ni kofia, mjukuu wangu," akasema. "Kofia huvuliwa mlangoni. Wewe umeiotesha jino."

"Hata jino hung'oka, babu. Wewe umebakiwa na mangapi?"

Wanaume wote wakacheka, na Skofti zaidi yao.

Wiki ya tatu

Nimekwenda kwa Herstein. Nilimkuta akinoa upanga wake uani, mkewe Gyrid akiwa karibu anachambua sufi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu aniachie Audun mwaka huu.

"Mama Audun, merikebu bila fundi ni jeneza lenye makasia."

"Mafundi wapo wengine."

"Wapo. Hawakufundishwa na Aslak." Akajaribu makali kwa kidole. "Nitamrudisha."

"Na baba yake ulisema hivyo."

"La. Ya baba yake sikusema kitu. Ya huyu ndiyo nasema."

Nikaondoka bila kuaga. Gyrid alinifuata hadi kwenye ua wa mawe, akanishika mkono, akarudi.

Wiki ya tano

Wameondoka asubuhi. Ngao zimepangwa ubavuni, mikuki imefungwa mafungu kwa ngozi za sili. Audun amechukua shoka la baba yake. Nilimfungia jibini, samaki mkavu na jozi tatu za soksi. Akanibusu kwenye utosi, maana sasa ananipita kwa kichwa kizima.

Joka sikulitazama. Nililitazama mara moja maishani na inatosha. Nilikuwa na miaka tisa, naokota makome ufukweni, nikaona shingo ndefu na kinywa wazi vinakuja juu ya maji bila sauti. Niliona uzuri kabla sijaona hatari. Sikupiga kelele. Watawa walikuwa kumi na wanne na kengele ilikuwa hatua thelathini kutoka niliposimama.

Wiki ya sita

Mvua.

Wiki ya saba

Mvua. Tunafuma tanga la mwakani nyumbani kwa Gyrid, wanawake wanne. Leo amekaa kwenye mtambo wa kufumia akisimulia kama anavyosimulia siku zote, mikono ikienda yenyewe. Akafika kwenye habari ya merikebu ya wafu. Kwamba maiti akiachwa na kucha zake, walio chini huzichukua, ukucha juu ya ukucha, wakaungia merikebu. Ndiyo maana maiti hukatwa kucha kwanza kabla ya lolote. Siku merikebu hiyo itakapokamilika itang'oa nanga na dunia itakwisha.

Halafu akainamia nyuzi zake. Nadhani Aslak alimjia akilini wakati mmoja na mimi.

Jioni ameniletea bakuli la siagi.

Wiki ya nane, siku ya kuoga

Aslak alikuwa akinyoosha mikono, nami namkata kucha kila siku ya kuoga, zote isipokuwa ile ya gumba la kushoto. "Huo ni wa kazi," alikuwa akisema. Siku aliyokufa ilikuwa siku ya kuoga pia. Maji yalikuwa jikoni. Kwa hiyo alizama na kucha za safari nzima.

Wiki ya tisa

Nimesikia nyundo bandani.

Banda ni tupu tangu waondoke. Nilikuwa nikianika nyasi, jua limetoka kwa mara ya kwanza, nikasikia: mbili nyepesi, moja nzito. Mbili nyepesi, moja nzito. Hivyo ndivyo Aslak alivyopiga, na Audun amejifunza hivyohivyo. Mafundi wengine hupiga zote sawa. Niliweka reki chini nikaenda. Ndani mlikuwa na mabaki ya randa na mbayuwayu mmoja.

Wiki ya tisa tena

Mzee Skofti anasema ni kigong'ota. Nimemuuliza kigong'ota gani anayepiga mbili nyepesi moja nzito. Akasema aliyefunzwa na fundi mzuri. Nikacheka, kisha nikalia, naye akanisaidia kugeuza nyasi mpaka mwisho wa shamba na magoti yake hayo.

Wiki ya kumi na moja

Nyundo. Nimeendelea kukamua.

Wiki ya kumi na mbili

Nyundo. Nimemwambia kwa sauti, "Aslak, unaunda nini huko?" Ikanyamaza. Ni afadhali isingenyamaza.

Wiki ya kumi na tano

Nyasi zimeoza nusu. Uji, mtindi, uji.

Wiki ya kumi na tisa

Walipaswa kuwa wamerudi.

Wiki ya ishirini na moja

Amekuja mchungaji wa kondoo kutoka ghuba ya kusini, amekimbia siku mbili, nyusi zimeungua. Merikebu ngeni yenye kichwa iliingia kwao alfajiri. Nyumba tatu zimechomwa. Wanaume wao nao hawajarudi, kama wetu.

Gyrid hakupoteza muda. Nilimzoea kama mwanamke wa hadithi na siagi. Leo nimemwona mwingine. Kila nyumba itatoa mtu wa zamu juu ya mwamba, penye upenyo wa kuingilia ghuba. Mzee Skofti na wazee wengine watatu watalala na pinde zao kwenye jabali la chini, mahali ambapo chombo kikipita unaweza kukitemea mate. Wa juu atakuwa na baragumu. Chombo kisicho na kichwa, mlio mmoja. Chenye kichwa, mitatu, na walio chini wapige bila kungoja. Akanirudia kanuni hiyo akinitazama machoni: "Bila kungoja, Mama Audun. Kule kusini walingoja."

Wiki ya ishirini na mbili

Mwaka mmoja leo. Nimepanda zamu. Hakuna kitu.

Wiki ya ishirini na tatu

Ukungu siku sita. Kondoo wanakohoa kama watu.

Wiki ya ishirini na nne

Nimekaa siku tano bila kuandika. Niyaandike sasa kwa mpangilio, nikichelewa nitaanza kuyapamba.

Ilikuwa zamu yangu, asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba bahari niliijua kwa harufu. Nilikuwa na baragumu mapajani na kipande cha mkate wa shayiri. Nikasikia nyundo.

Safari hii haikutoka bandani. Ilitoka majini, ng'ambo ya ukungu, na ilikuwa inakaribia. Mbili nyepesi, moja nzito. Chuma juu ya chuma. Kisha kimya, kama mtu anayepuliza vumbi apate kuona. Kisha tena.

Nilijua ni nani. Nasema kweli yangu hapa kwa sababu hakuna mwingine huku anayejua kusoma. Nilijua ni Aslak, na kwamba merikebu anayokuja nayo imeungwa kwa kucha, na zake zimo. Sikuogopa mwisho wa dunia. Niliogopa kuona uso wake. Niliogopa vilevile kwamba ningeufurahia.

Ningeita. Ndilo ninalolizungusha kichwani usiku na mchana. Kulikuwa na muda wa kutosha, ningeweza kuita "Audun!" mara kumi, na sauti yake ingeitika, na yote yangeishia hapo. Watu wawili duniani walipiga nyundo hivyo, na mmoja alikuwa hai. Lakini ulimi wangu ulikuwa kwa yule mwingine. Niliogopa nikiita mwanangu ataitika baba yake.

Ndipo ukungu ukapasuka kidogo na shingo ikatokea. Shingo ndefu, kinywa wazi. Nikawa na miaka tisa. Makome yalikuwa mikononi mwangu, nilihisi maji yake baridi. Na nikafanya kile ambacho yule mtoto hakukifanya. Nilipuliza baragumu mara tatu kwa nguvu zangu zote.

Nikasikia kamba ya upinde chini yangu. Mara moja. Kisha sauti ya Audun kutoka majini, imepasuka kama ya mtoto:

"Babu Skofti! Ni sisi! Babu, ni sisi!"

Sikumbuki nilivyoshuka. Magoti yote mawili yamechubuka.

Ilikuwa hivi. Upepo mbaya uliwachelewesha wiki tano. Mkondo uliwasukuma ndani ya ukungu, wakaamini wako bado nje ya miamba, mbali na nchi. Audun alikaa kwenye boriti kama alivyopanga, akawa anakata misumari yake kwa tindo na nyundo. Lakini chumvi ya kiangazi kizima ilikuwa imeishika misumari, na kichwa kilianza kuinama upande wake, kingemwangukia. Mtu mmoja ilibidi apande akishike kutoka juu. Vijana walijitolea. Herstein akawaambia wakae chini, akajifunga kamba kiunoni akapanda mwenyewe. Minne ilikuwa imekatika. Mitatu ilibaki. Alikuwa amelikumbatia joka kama mtu anayebeba ndama pale mshale wa Skofti ulipomwingia chini ya mbavu.

Aliyekuwa pale juu angeuawa, awaye yote.

Wiki ya ishirini na nne, siku mbili baadaye

Mshale umetolewa, ncha imebaki. Gyrid alimnywesha mchuzi wa vitunguu, na saa moja baadaye akalinusa jeraha. Akaniangalia. Harufu ya vitunguu ilikuwepo. Mshale umetoboa utumbo, hakuna dawa.

Mzee Skofti alikuwa amekaa nje ya mlango tangu siku ile, hali. Herstein akamwita ndani.

"Mzee, miaka sitini unalenga sili unawakosa," akamwambia. "Leo ndiyo umepata?"

Skofti akapiga magoti, hayo asiyoweza kuyapiga.

"Simama. Kichwa kilikuwepo, ukapiga. Ningekuwa mimi pale chini ningelenga shingo." Akapumua. "Na baragumu alipuliza nani?"

Gyrid akafungua kinywa. Niliona anataka kusema ni yeye. Nikamtangulia.

Nikamweleza Herstein yote, hata nyundo za bandani, hata jina ambalo sikuliita. Nilifikiri atageuza uso. Alitazama dari, na mvua ikawa inaanza tena juu ya paa la nyasi.

"Sikumwamuru," akasema.

Sikuelewa.

"Aslak. Nilimwambia tungoje, bahari itulie. Akacheka. Akasema leo ni siku ya kuoga, Mama Audun ameshapasha maji, yanapoa. Akapanda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwaka mzima.

"Ningekuambiaje? Kwamba alikufa kwa haraka ya kukuona? Nikaona unichukie mimi. Mimi nimezoea kuchukiwa." Alitaka kucheka, ikamuuma. "Lakini huyu nimemrudisha."

"Umemrudisha," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza mazuri kwake tangu mwaka jana, na yalikuwa ya mwisho, maana baada ya hapo alianza kuzungumza na watu wasiokuwepo.

Wiki ya ishirini na tano

Herstein alikufa alfajiri. Gyrid aliniita mimi kabla ya ndugu zake. Aliniwekea mkasi mmoja wa kukatia manyoya, akabaki na mwingine. Yeye mkono wa kulia na mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Marehemu alikuwa na kucha za wiki tano za upepo mbaya, zimevunjikavunjika kwa kamba, na chini yake lami na damu kidogo ya joka lile, yaani rangi nyekundu aliyoipaka Audun. Nilikata polepole nisimuumize.

Tulizikusanya zote kwenye kitambaa. Gyrid akazihesabu, akazihesabu tena, kisha akazimimina motoni na kusimama pale mpaka harufu ikaisha.

"Hizi hawapati," akasema.

Halafu akanishika mkono, kama siku ile kwenye ua wa mawe.

Wamemzika ndani ya kilima na mashua ndogo. Upanga wake umepindwa kwanza ili ufe naye. Kile kichwa Audun amekipasua kuni kwa shoka la baba yake. Misumari mitatu iliyobaki ameitoa mwenyewe, haipo juu ya rafu wala mahali popote ninapoona. Sijamuuliza.

Wiki ya ishirini na tano, siku ya kuoga

Ukurasa wa mwisho.

Nimepasha maji ya wawili. Audun alioga, akala bakuli mbili za uji, akalala kabla ya giza, nywele mbichi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Amekonda. Tangu arudi hajashika nyundo, nami tangu asubuhi ile sijaisikia bandani. Sijui kama aliyekuwa akiigonga amemaliza kazi au ameiacha.

Nikachukua mkasi nikakaa sakafuni. Nikamkata ukucha wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akafungua jicho moja.

"Mama. Mimi sijafa."

"Najua. Lete mkono mwingine."

Akaleta. Nikakata mpaka nikafika gumba. Ni la kushoto, ukucha wake mrefu, umekwaruzwa, una lami. Sikuwahi kuuona. Majira yote ya baridi nimeishi naye nyumba moja na sikuwahi kuuona.

"Huo uache," akasema, macho yamefumba tena. "Ni wa kazi."

Niliushika mkononi mpaka akalala kabisa. Nimeuacha. Mkasi nimeutundika kando ya mlango, kwa usawa wa macho, mahali ambapo hata mtu mwenye haraka atauona.